Mwenyekiti wa Bomba

Kuna watu hapa Buffalo ambao hadi leo wakinikuta kanisani wanainama ghafla kufunga kamba za viatu ambazo hazijafunguka, na mimi najua wanacheka, na wao wanajua kwamba najua, na sote tunajifanya kamba za viatu ni jambo zito sana. Bon, wacheke. Aibu niliipata, siikatai, ila nimechoka kuisikia imetiwa chumvi na watu ambao siku ile hawakuwepo hata kwenye ngazi. Kuna mmoja kule Columbus anasimulia kwamba nilikuwa uchi kabisa. Sikuwa uchi. Nilikuwa nimevaa, na balaa lote lilikuwa ni hicho nilichokuwa nimevaa. Kwa hiyo kaeni, nitaisema mwenyewe kama ilivyokuwa.

Kwanza mjue kwamba kule kambini Burundi mimi sikuwa mtu wa kupita tu. Nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya bomba. Ninyi mliokulia mjini mtacheka, lakini mtu aliyewahi kupanga foleni na bido yake ya njano, yaani dumu la maji, tangu alfajiri anajua hicho cheo ni kitu gani. Ufunguo wa kufuli la bomba ulining'inia shingoni mwangu, na mama akiacha maji yamwagike hata kidogo, namtoa mbele namrudisha nyuma ya foleni na mtoto wake mgongoni, na simwonei haya. Sheria zangu zilikuwa mbili tu: bomba halidondoki, na hata maji yakikatika bomba linafungwa, kwa sababu yakirudi watu wamelala yatamwagika bure. Nilikaza mabomba ya watu miaka na miaka mpaka kiganja changu cha kulia kikawa na sugu. Basi siku ya kupanda ndege kuja Amerika, kambi niliiacha, lakini cheo nikapanda nacho.

Ugonjwa wangu wa pili ulikuwa milima. Mimi nimezaliwa kule juu Kivu ya Kusini, ambako asubuhi unakuta nyasi zimekuwa nyeupe kwa baridi na unachunga ndama miguu mitupu, na ukilia baba anakuuliza unalilia nini. Kwa hiyo nilipofika Buffalo nikawaona ndugu zetu wa kando ya ziwa, watu wa Uvira na Baraka, wamevaa suruali mbili mbili na soksi juu ya soksi, wanatembea kama magodoro yaliyopewa miguu, niliwacheka mpaka machozi. Kiwandani nilikoajiriwa nilikuwa nakwenda na koti moja. Wakiniuliza kama sisikii baridi, nawajibu baridi na mimi tunajuana tangu utotoni. (Hapa kuna siri ndogo ambayo itatoka mbele, tena itatoka yenyewe bila kuitwa.)

Sasa nyumba. Tulinunua nyumba Black Rock, kule karibu na mto, nyumba kuukuu ya mbao ambayo upepo ukivuma inaongea. Tuliingia wakati majani yanaanza kuanguka, na mke wangu, Mama Furaha, akaanza siku hiyo hiyo kukipaka rangi chumba kimoja cha juu. Chumba hicho kilikuwa cha mama yake, siku atakapokuja. Vita viliwatenganisha yeye na mama yake akiwa bado hajaolewa, mmoja akaangukia kambi hii na mwingine kambi ile, na walipokutana tena tayari walikuwa Amerika, mmoja Buffalo na mwingine Columbus kwa mtoto wake wa kiume, Elie. Majira yale ya baridi ya mwaka 2015 Elie alipata kazi ya kuendesha lori la safari ndefu, akawa halali nyumbani, na mama hawezi kukaa peke yake. Donc, ilibidi ahamie kwa binti mmoja. Ama kwetu, ama Louisville kwa mdogo wa mke wangu. Na mama alisema atachagua mwenyewe, baada ya kuona.

Mke wangu si mtu wa kuomba. Lakini jioni moja aliweka brashi ya rangi chini akaniambia, "Baba Furaha, miye siombi kitu ingine. Mama akuye aishi na siye. Basi."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mradi niko hai. Msije mkasema sikuonywa kwamba maneno kama hayo hayasemwi.

Huko Louisville kuna mwanyumba wangu Deo, yaani yeye ndiye aliyeoa huyo mdogo wa mke wangu. Sipendi kumsema mtu vibaya, lakini Deo nitamsema. Deo ni mtu ambaye akinunua ufagio anakupigia simu. Kila baridi ilipoingia alikuwa anatutumia picha yake akiosha gari kwa shati la mikono mifupi, na maneno yake yalikuwa yale yale, kwamba huko kwao Kentucky baridi inapita kusalimia tu halafu inaendelea na safari kwenda Buffalo. Mama mkwe alizisikia simu hizo. Mke wangu alizisikia pia, na kila akizisikia alikuwa anapandisha hita kidogo, na mimi naishusha nikimwambia hii si baridi.

Tukapanga ibada ya shukrani ya nyumba, mwezi wa pili, Jumapili mchana baada ya kanisa, mchungaji na kwaya na majirani wote, na mama aje aione nyumba ikiwa imejaa watu na nyimbo. Deo na mkewe watoke Louisville, wapitie Columbus wamchukue mama, waje wote. Mke wangu akapika kuanzia Ijumaa.

Jumamosi ile asubuhi, kabla wageni hawajafika, alikuja jirani yangu Mrundi, Baba Alice, tunayefanya naye kazi. Alikuja na theluji mpaka magotini kwa ajili ya kuniambia neno moja tu, na ninyi mnaojua Warundi mnajua wanasema taratibu kama watu wanaohesabu maharagwe. Akasema, "Usiku wa leo baridi itazidi. Acha robine zote zidondoshe maji, kidogo tu, kama uzi. Na kabati ya chini ya sinki uache milango wazi, joto liingie."

Nilimwangalia huyu mtu. Mimi, mwenyekiti, naambiwa niache robine, yaani bomba la kufungulia maji, inadondosha, tena kwa makusudi, usiku kucha, watu wamelala. Nikamuuliza kama kwao mtu akiogopa njaa anamwaga unga. Akasema maji yanayotembea hayagandi haraka, yakisimama ndani ya bomba yanaganda, yanavimba, bomba linapasuka. Nikamwambia sisi kwetu maji hayalindwi kwa kuyamwaga. Baba Alice akatikisa theluji kwenye viatu, akaaga, akaenda. Nami nilibaki mlangoni nikimcheka mgongo, nikisema moyoni, tazama mtu amekaa Amerika miaka yote hii na bado hajui kufunga bomba.

Mama mkwe akafika alasiri. Kwetu mkwe haheshimiwi kwa mdomo tu. Mimi sijawahi kula nikitazamana na yule mama, sijawahi kupita mbele yake bila kuinama, na hatuongei moja kwa moja. Akitaka kitu anamwambia binti yake, nami nikijibu namjibu binti yake, hata kama wote tumekaa kwenye kochi moja. Akatembezwa nyumba. Chumba chake alikaa nacho muda mrefu, akashika pazia, akashika kitanda, akatoka anafuta macho, na mke wangu akanitazama kwa furaha ambayo sikuiona tena usoni pake kwa muda mrefu baadaye (kwa sababu mtakazozisikia). Deo yeye alikuwa anagonga kuta kwa kidole na kusema, nyumba za zamani bwana, nyumba za zamani.

Jioni tukasali, watu wakaenda kulala. Ndipo nikasikia. To. To. To. Jikoni, robine inadondosha. Nikajua ni mke wangu, amemsikiliza Mrundi. Nikaifunga. Juu bafuni nako, to, to, to, na huko aliyeifungulia alikuwa mama mkwe mwenyewe, maana Elie alimfundisha hivyo Columbus. Sasa nifanyeje? Siwezi kumwambia mkwe wangu kwamba anapoteza maji. Siwezi hata kumtumia mke wangu amwambie, ataniua. Nikangoja mama aingie chumbani kwake, nikapanda ngazi kwa ncha za vidole kama mwizi wa kuku, nikaikaza mpaka kiganja kikauma, nikashuka nimeridhika. Nikapita tena jikoni, nikakuta milango ya kabati ya chini ya sinki iko wazi, ndoo ya takataka inaonekana na matambara yanaonekana, nikasema hii ni aibu mbele ya wakwe, nikaifunga pia. Usiku ule nilikuwa nimelinda nyumba yangu kuliko mwanamume yeyote wa Black Rock.

Asubuhi mke wangu akafungua robine ya jikoni. Ikakohoa mara moja, ikanyamaza. Akafungua ya bafuni. Kimya. Akanigeukia, mkono bado uko kwenye robine.

Nikasema wamekata maji.

Nilisema hivyo kwa moyo mweupe, sikuwa nadanganya. Nimeishi miaka kambini, nimeona maji yakikatwa na kurudi kama wageni wasio na adabu, kwa hiyo kwangu mimi robine kavu maana yake ni moja. Nikawatuliza watu, nikasema yatarudi tu, nikazunguka nikazifunga robine zote vizuri ili yakirudi yasimwagike. (Mnaona jinsi mtu anavyoweza kujichimbia shimo kwa utaratibu mzuri.) Binti yangu Furaha akaniambia kwa Kiingereza chake cha shule kwamba maji hayajakatwa, yameganda, hata mwalimu wao alisema. Nikamwambia avae aende kanisani.

Tuliporudi kutoka kanisani, maji bado. Nyama imeshaiva, lakini wali haujapikwa, ugali haujasongwa, hakuna maji ya chai wala ya kunawa, na kule chooni msiniulize. Na watu wanaanza kuingia. Mke wangu akachukua bido kutoka stoo, ile ile ya njano tuliyokuja nayo kama ukumbusho, akavaa koti juu ya kitenge chake kipya, akavuka barabara kwenda kwa Baba Alice, ambako, kwa mshangao wangu, maji yalikuwa yanatoka. Tukamwona dirishani anarudi kwenye theluji, bido kichwani, mkono mmoja juu, anatembea kwa hatua fupi ili asiteleze. Mama mkwe alikuwa amesimama pale dirishani. Hakumwambia mtu, alisema tu, "Miye nilizani bido tuliziachaka kule kambini. Kumbe mutoto wangu alipanda ndege juu aje kuchota maji mu barafu."

Neno lile lilinichoma kuliko matusi. Deo alikuwa nyuma yake na hakusema kitu, na Deo kunyamaza ni jambo baya sana.

Nikamwambia mke wangu nipe dakika chache, nitatengeneza. Sikujua nitatengeneza nini. Nikachukua mashine ya Furaha ya kukaushia nywele, nikashuka besimenti, kile chumba cha chini ya nyumba, nikiwa na suti yangu mpya, maana nilijua nitapanda juu kwa ushindi kabla mchungaji hajamaliza sala ya kwanza.

Na hapa ndipo ile siri. Ndani ya suti nilikuwa nimevaa taiti za mke wangu. Taiti nzito za baridi, za pinki, zenye maua madogo madogo meupe. Msinitazame hivyo. Baridi ya Buffalo si ya milima yetu, nililijua hilo tangu wiki ya kwanza, mapaja yangu yaliniambia. Lakini baada ya kuwacheka watu wa Uvira hadharani ningekwenda duka gani kununua nguo za ndani za baridi nisionwe na Mkongomani? Nikawa nachukua za mke wangu kabatini, kimyakimya, na yeye alikuwa anadhani mashine ya kufulia inazimeza.

Kule besimenti nikalifuata bomba kwa macho mpaka ukuta wa nyuma, chini ya jikoni, karibu na kidirisha chenye kioo kilichopasuka, na nikaliona limevaa baridi, jeupe jeupe, na mahali fulani limevimba kidogo. Mtu mwenye akili angefungua robine za juu kwanza, ili barafu ikiyeyuka maji yapate njia, na kabla ya hapo angejua nyumba yake inafungwa wapi. Mimi robine zote nilikuwa nimezikaza kwa mkono wa sugu. Nikawasha mashine, nikaanza kulipuliza bomba taratibu, huku juu kwaya imeanza kuimba na miguu inagonga sakafu juu ya kichwa changu. Nikapuliza wimbo mzima. Nikapuliza wimbo wa pili. Nikasikia kitu kinapasuka kidogo, kama mtu amevunja kidole, nikatabasamu.

Maji yalinipiga kifuani.

Ninamshukuru Mungu mashine niliitupa mbali na waya wake ukachomoka, la sivyo hadithi hii ingesimuliwa na mjane. Bomba lilikuwa limechanika pale lilipovimba na maji yanaruka kwa hasira, hadi dari, na mimi, mwenyekiti wa kamati ya bomba, mtu niliyewafungia maji watu wa kambi nzima, nikageuka huku na huku nikitafuta pa kufunga, na nikagundua kwamba sijui. Nimeishi kwenye nyumba ile miezi kadhaa, na sijui maji yanaingilia wapi wala yanafungwa na nini. Sikuwahi kuuliza. Nilidhani nyumba inafungwa na robine.

Nikalishika bomba kwa mikono. Maji yakatoka katikati ya vidole, ya baridi kiasi kwamba sikusikia tena kama vidole ni vyangu. Nikavua koti la suti nikalizungushia. Likajaa maji likateleza. Nikavua mkanda nikalifunga lile koti kwa mkanda, nikaukaza, na hapo maji yakapungua, nikasema Bwana asifiwe. Nikaanza kuita. Nikaita kwa nguvu zote, "Maji! Maji! Njoni!" Sasa kanisa letu ninyi mnalijua, mtu akipiga kelele kwenye sala hashangazi mtu, na juu pale walikuwa kwenye sala. Nikaita tena, "Yananizidi!" Wakajibu, "Amina!"

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mimi sikuyavulia, yalinivua yenyewe. Suruali ya suti niliinunua kubwa kidogo nikitegemea kunenepa, imeloa, imekuwa nzito kama mtoto, mkanda uko kwenye bomba, na mikono yangu yote miwili iko kwenye koti siwezi kuiachia. Ikaanza kushuka. Nikabana mapaja. Ikashuka. Nikapanua miguu. Ikashuka kwa haraka zaidi, ikafika chini ikatulia majini.

Na wakati huo huo maji yakapita mahali fulani ukutani yakachungulia jikoni, mtu akapiga yowe, wimbo ukakatika, na mlango wa besimenti ukafunguliwa. Wakaja wote. Wa kwanza kwenye ngazi, kwa sababu alikuwa jikoni anasaidia, alikuwa mama mkwe wangu. Nyuma yake mchungaji. Nyuma ya mchungaji masoprano wote wa kwaya, na watu wa Uvira, na watu wa Baraka, na Baba Alice mwenye bido ya pili mkononi.

Mimi nimekumbatia bomba, kifua wazi chini ya shati lililokatika vifungo, na kuanzia kiunoni ni pinki na maua.

 Maji tu ndiyo yaliyokuwa yanasema. Mama mkwe akageuza uso akautazama ukuta, kama heshima inavyotaka, na kwa sauti ya kawaida kabisa akauambia ule ukuta, "Muambieni ule bwana suruali yake imeanguka."

Kisha nikasikia mke wangu kutoka juu kabisa ya ngazi, "Ah. Kumbe taiti zangu."

Bon. Kilichofuata mnakijua, watu walicheka mpaka mchungaji akakaa kwenye ngazi. Lakini maji hayakucheka, yalikuwa yanapanda, na mtu mmoja ndiye aliyewapita wote akashuka bila kuniangalia, akaingia kwenye maji na viatu vyake vya kuchongoka, akaenda moja kwa moja ukuta wa mbele, mbali kabisa na nilipokuwa, akasukuma pembeni magunia ya nguo tuliyorundika pale, akainama, akazungusha koki. Maji yakanyamaza. Deo. Kati ya watu wote ambao Mungu aliwaumba, Deo.

Nilitamani maji yarudi yanifunike.

Lakini mama mkwe hakuwa mtu wa kukosa kitu. Bado anatazama ukuta, akauliza, "Weye Deo, umejuaka je kama inafungwa pale?"

Deo akasema nyumba zote zinafanana. Mama akasema hajauliza nyumba, ameuliza yeye. Deo akaanza kukamua suruali yake. Ndipo mkewe, Mama Neema, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, akasema kutoka kwenye ngazi, "Muambie, ao niseme miye?"

Akasema mkewe mwenyewe. Kumbe majira ya baridi ya mwaka uliotangulia, huko Louisville ambako baridi inapita kusalimia tu, bomba la dari lilipasuka wakiwa kazini, wakarudi wakakuta dari liko kitandani, wakalala kwa watu wa kanisa lao mpaka nyumba ikakauka, na Deo akawaapisha watoto wasimwambie bibi yao. Zile picha za kuosha gari zilikuwa za mwezi wa kumi. Watu wakageuka kumcheka Deo, na mimi nikiwa bado na maua yangu nikaona kama nimepata pumzi, nikadhani sasa tumelingana, labda hata nimemshinda, mimi angalau nililoa hadharani bila kuficha.

Tulikula wali wa maji ya Mrundi. Mchungaji aliifupisha shukrani. Na jioni mama mkwe akatuita sebuleni, mimi nikiwa nimevaa suruali niliyoazimwa na mmoja wa wale watu wa Uvira (alinipa mbili, akaniambia nivae zote), na mama akamwambia binti yake anakwenda Louisville.

Mke wangu akauliza kwa nini, na Deo amewadanganya wote. Mama akamshika mkono. "Ule aliharibu, akajifunza. Huyu ameharibu leo, bado hajajifunza. Hii nyumba ikipita baridi moja bila mvua kunyesha ndani, mukuye munichukue."

Kwa hiyo nilishindwa hata na Deo aliyeumbuliwa. Sijui kama kuna mtu mwingine hapa duniani aliyeshindwa na mwongo siku ile ile mwongo alipokamatwa. Asubuhi yake walipoondoka, mke wangu alisimama barabarani mpaka gari likapotea, akapanda juu, akafunga mlango wa kile chumba. Hakunigombeza. Angenigombeza ningeshukuru. Alipita tu jikoni jioni ile, baada ya fundi kuweka bomba jipya, akaifungua robine kidogo, kama uzi, na akakaa kwenye kiti akaniangalia mpaka nikaenda kulala.

Baridi iliyofuata nilikuwa mtu mwingine, na ninyi mlinicheka kwa hilo pia. Nililivisha kila bomba la besimenti yale magamba ya sponji, nikaziba kidirisha, koki kubwa nikaipaka rangi nyekundu na nikawaonyesha hata wageni waliokuja kuomba chumvi. Nilimwendea Baba Alice nikanyenyekea, akanielekeza upya kutoka mwanzo, taratibu, akihesabu maharagwe yake. Robine zote zilidondosha. To, to, to, kila jioni, jikoni, bafuni juu, bafuni chini, na kila tone lilikuwa linanipiga kwenye sugu ya kiganja. Nilivumilia. Taiti nilinunua zangu, nyeusi, mchana kweupe, na muuzaji alikuwa Mkongomani.

Mwezi wa tano tukaenda Louisville tukamchukua mama. Mke wangu hakufunga mdomo njia nzima, alikuwa anasimulia na kucheka kama msichana, na mama anasinzia begani kwake. Tulipofika mama hakupanda chumbani. Aliweka mkoba wake mezani, akasimama katikati ya jikoni, akainamisha kichwa akisikiliza.

To. To. To.

Nje majirani wamevaa kaptula. Miti imejaa majani. Na mimi sikuthubutu kuzifunga, hata moja, tangu mwezi wa kumi na moja, kwa kuwa nani angeniambia baridi imeisha kweli?

Mama mkwe akaenda kwenye sinki akaikaza ile robine, akaikaza kwa mkono wa mtu aliyepanga foleni na bido. Halafu akageuka. Hakumwangalia binti yake wala ukuta. Aliniangalia mimi, mara ya kwanza tangu nimwoe mwanawe.

"Mwenyekiti," akasema, "baridi ilikwisha. Maji ya watu inamwangika bure."

Tangu siku hiyo mimi robine sigusi. Nikitaka kunywa maji naomba. Anayefungua ni yeye, anayefunga ni yeye, koki kubwa ameitia kufuli na ufunguo uko kwenye kitambaa chake cha kichwa, na theluji ikianza tu nasikia miguu yake inapita vyumba vyote, jikoni, bafuni juu, bafuni chini, nami nalala kimya, mikono yote miwili chini ya mto.